Msafara wa Mikindani uliniacha njiani: je, niiuze baiskeli yangu ya kukunja?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo, Mzee.

Mimi ni karani katika ghala moja la korosho hapa Mtwara, mama wa watoto wawili, na ninaishi kwenye vyumba vya kupanga mtaa wa Chuno. Mwaka huu nilinunua baiskeli ya kukunja, mtumba uliotoka Japani, yenye matairi ya inchi 20, gia moja na kikapu cha mbele. Niliichagua hiyo kwa sababu nyumba tunayoishi haina uzio, na baiskeli ya jirani yangu iliibwa usiku ikiwa imefungwa kwa mnyororo kwenye mwembe. Yangu huikunja jioni na kuiweka nyuma ya mlango, nikalala bila wasiwasi. Kwenda kazini, sokoni, na jioni ufukweni Shangani, haijawahi kunisumbua.

Mambo yalianza kuharibika pale mfanyakazi mwenzangu aliponiunganisha na kundi la waendesha baiskeli wanaotoka pamoja mwishoni mwa wiki. Tangazo lao lilisema kwamba safari ingekuwa ya kwenda Mikindani na kurudi, kwamba mwendo ungekuwa wa kirafiki, na kwamba hakuna ambaye angeachwa. Tuliagizwa tuwe tumekusanyika saa 12 na nusu asubuhi, lakini kwa ngojangoja na kupiga picha tukaondoka saa 2, jua likiwa limeshaanza kuchoma.

Wenzangu karibu wote walikuwa na baiskeli kubwa zenye gia nyingi. Mmoja wao aliitazama yangu akaniuliza kama mwanangu ameniruhusu kuitumia, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini tangu tulipotoka mjini sikuweza kwenda nao sambamba. Nilikanyaga pedali mpaka pumzi ikanikatika, na bado walizidi kwenda mbali. Kila baada ya mwendo fulani nilikuwa nawakuta wamesimama kivulini wakinisubiri, wameshakunywa maji na kupumzika. Nikifika tu, kiongozi hupiga filimbi na kusema, "Haya, tumetimia, twende," na wote hupanda. Tulipofika Mikindani walikuwa wameshalitazama Boma la Wajerumani na kunywa madafu. Mimi niliambulia kuonekana pembeni mwa picha ya mwisho, bado nimevaa kofia ngumu na uso umelowa jasho.

Kurudi kulikuwa kubaya zaidi. Upepo ulitupiga usoni, siti ikawa inashuka kidogo kidogo mpaka magoti yakakaribia kugusa usukani, na goti la kulia likaanza kuniuma kwa mbele. Malori yaliyokuwa yakienda bandarini yalinipita kwa kishindo, usukani ukitikisika mikononi mwangu. Baada ya hapo sikuwaona tena wenzangu. Niliingia mjini peke yangu adhuhuri, baada ya kuisukuma baiskeli kipande kirefu cha njia, na nilipofungua simu nikakuta kwenye kundi la WhatsApp wameshashukuriana kwa safari nzuri na kuagana. Ilikuwepo picha yangu iliyopigwa kwa mbali, na chini yake maneno ya mzaha kuhusu magurudumu yangu. Hakuna aliyeuliza kama nimefika.

Sasa wanaandaa safari ya Lindi. Kaka yangu ananishauri niiuze baiskeli hii ninunue Phoenix, kwa kuwa, anavyosema yeye, baiskeli ya kukunja ni ya kuzungukia uani. Kwa sababu najua utauliza, nimehesabu: gia ya mbele ina meno 44 na ya nyuma ina meno 16. Naomba uniambie, Mzee, tatizo ni baiskeli, ni mimi, au ni wenzangu? Niiuze? Na je, nirudi kwenye kundi lile au niachane nalo?

Karani wa Ghala, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa yaliyokupata. Baiskeli usiiuze, angalau si kwa sababu ya safari hiyo, na nitakueleza kwa nini.

Kuna jambo umeliandika kwa kulipitia tu, nami naona ndilo lililokumaliza nguvu kuliko yote: kila ulipofika kivulini, wao waliondoka. Hebu litazame vizuri. Mtu mwenye nguvu na baiskeli nyepesi alikwenda mwendo wake, akasimama, akapumzika dakika 10, akanywa maji, akaondoka akiwa mzima. Wewe, uliyekuwa mgeni na mwenye baiskeli nzito zaidi kukanyaga, ulikwenda bila kituo kutoka mjini hadi Mikindani, na inawezekana kabisa kwamba ulifika huko hujanywa maji ya kutosha, maana nafasi ya kunywa hukupewa. Kwa hiyo katika msafara ule aliyefanya kazi ngumu kuliko wote ni wewe, na watu wakadhani wamekufanyia hisani kwa kukusubiri. Mapumziko ya kundi huanza kuhesabiwa pale mtu wa mwisho anapofika na kushusha mguu, wala si pale wa kwanza anapofika. Kiongozi asiyelijua hilo atawapoteza wageni wote, hata wale wenye baiskeli za gharama kubwa.

Tena hata bila vituo hivyo, mkia wa msafara huchoka kuliko kichwa. Wa mbele akipunguza mwendo kidogo kwa ajili ya shimo au daladala iliyosimama, wote nyuma yake hulazimika kufunga breki, na akiongeza tena, pengo hufunguka na wa mwisho hulazimika kukimbia kulifunga. Jambo hilo likijirudia njia nzima, huyo wa mwisho huwa amekimbizwa mara nyingi kuliko wenzake, ingawa umbali ni ule ule. Ndiyo maana waongozaji wenye uzoefu humweka mtu wa mwendo mdogo karibu na mbele, nyuma tu ya kiongozi, ili yeye ndiye awe kipimo cha mwendo, na nyuma kabisa humweka mtu mmoja mwenye nguvu, mwenye pampu na vifaa vya pancha, ambaye kazi yake ni kufunga safu na haruhusiwi kumpita mtu yeyote. Katika barua yako huyo mtu hayumo. Kama angekuwepo, usingeingia mjini peke yako.

Sasa tuje kwenye baiskeli yenyewe, na nashukuru kwamba umehesabu meno, kwani wengi huniandikia kurasa mbili za malalamiko bila namba hata moja. Wewe ni karani, hesabu hizi hazitakutisha. Gawa 44 kwa 16 utapata 2.75, maana yake kila unapozungusha pedali mzunguko mmoja kamili, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2 na robo tatu. Tairi la kawaida la inchi 20 lina mzingo wa takriban mita 1 na nusu, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakupeleka kama mita 4 na ushei. Mchukue sasa mwenzako mwenye baiskeli ya mbio yenye gurudumu kubwa, ambalo mzingo wake unazidi kidogo mita 2, na tuseme ameweka mnyororo kwenye meno 50 mbele na 17 nyuma: mzunguko mmoja wa pedali unampeleka zaidi ya mita 6. Ili mwende pamoja kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, yeye atazungusha miguu kama mara 66 kwa dakika, mwendo wa mtu anayezungumza na mwenzake, ilhali wewe utalazimika kuzungusha karibu mara 100. Waendeshaji waliozoea huweza kukaa kwenye mizunguko hiyo kwa muda mrefu, lakini mtu anayeanza atakatika pumzi mapema, na ndivyo ilivyokuwa kwako.

Mwendo unaoiendea baiskeli yako bila shida, ukizungusha miguu mara 65 hadi 70 kwa dakika, ni kilomita 16 au 17 kwa saa. Mikindani ni kama kilomita 10 kutoka mjini, kwa hiyo ungefika kwa chini ya dakika 40 bila kuhema sana, na sidhani kama hizo ni dakika za kumwonea mtu haya. Kiongozi angejua hivyo mapema angeweza ama kuupanga mwendo wa kundi, ama kukueleza waziwazi kwamba safari ile haikufai. Mimi binafsi siyapendi matangazo yanayosema mwendo ni "wa kirafiki" bila kutaja namba. Urafiki wa mtu anayekimbia kilomita 28 kwa saa ni tofauti na wako, na kila mmoja ataapa kwamba anakwenda polepole.

Unaweza kubadilisha gia hiyo ukitaka. Ukimpata fundi mwenye friwili ya meno 14 akaifunga nyuma na kuurekebisha mnyororo, kila mzunguko wa pedali utakupeleka karibu mita 5, na kwa mizunguko ile ile 70 utakwenda kilomita 20 kwa saa. Lakini kila unachokipata tambarare utakilipia kwenye mpando, na Mikindani imezungukwa na vilima. Ningekuwa wewe ningeiacha meno 16 ilivyo mpaka miguu izoee, halafu nione.

Siti ndiyo haiwezi kusubiri. Siti ikiwa chini goti hukunjwa kupita kiasi kila unapokanyaga, na maumivu ya upande wa mbele wa goti, kama uliyoyaeleza, mara nyingi huanzia hapo. Bomba la siti la baiskeli ya kukunja hufunguliwa na kufungwa kila siku, hivyo kibano chake hulegea upesi, na mafundi wengine kwa wema wao hulipaka grisi nyingi, likawa linateleza lenyewe. Litoe lote, ulifute kwa kitambaa kikavu, ufute na ndani ya fremu linapoingia, kisha ukaze nati ya kibano kidogo kidogo mpaka ule mkono wa kufungia uhitaji nguvu kiasi cha kuacha alama kiganjani unapousukuma. Ukifungika kwa kidole kimoja, bado umelegea. Kisha kaa kitini ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukianza kuendesha kwa kutumia sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale bomba linapoingia kwenye fremu, ili kila asubuhi unapoikunjua usianze kukisia. Bomba lina alama ya kikomo iliyochongwa kiwandani, na hiyo isionekane nje ya fremu hata kama unajiona mrefu.

Ukiwa na spana mkononi, angalia na bawaba zote mbili, ya katikati ya fremu na ya nguzo ya usukani. Shika breki ya mbele, usukume usukani mbele na nyuma: ukisikia unagonga au ukiona nguzo inacheza, hiyo baiskeli haiendi barabara kuu mpaka ikazwe, na hapo hakuna mjadala. Na kwa kuwa imetoka Japani, yaelekea breki ya mkono wa kulia ndiyo ya mbele. Kwenye mteremko anza kwa kushika ya kushoto, ya kulia uifuatishe taratibu. Upepo wa tairi nao usikisie kwa kubonyeza na kidole gumba. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa matairi ya kawaida ya inchi 20 mara nyingi ni kati ya 40 na 65 PSI, na gurudumu dogo likipungua upepo humchosha mtu haraka kuliko kubwa. Mtafute fundi mwenye pampu yenye geji.

Kuhusu upepo uliokupiga usoni, hapo hukuwa na bahati mbaya, bali safari ilipangwa kinyume cha majira. Mikindani iko magharibi mwa mji, na kusi, ambao hutawala pwani yetu takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo asubuhi ile kusi aliwasukuma wenye gia kubwa wakazidi kupaa, nawe kwa gia yako moja hukuweza kuutumia msukumo huo kwa sababu miguu ilikuwa tayari imefikia mwisho wake. Kisha wakati wa kurudi, jua limepanda na upepo umeongezeka kama kawaida yake mchana, ukakumbana nao uso kwa uso ukiwa umechoka. Ukumbuke kwamba kwenye baiskeli ya kukunja mtu hukaa wima na kifua chake ndicho kinachoupokea upepo. Wenye baiskeli za mbio huinama. Nguvu ya hewa inayokuzuia hupanda mara 4 unapoongeza mwendo mara 2, kwa hiyo dhidi ya kusi punguza mwendo bila kuona haya, na ukipata mtu wa kukukinga mbele mfuate kwa ukaribu unaokuruhusu kufunga breki bila kugusa tairi lake. Kundi lililokuacha peke yako kwenye upepo lilikunyima faida kubwa kabisa ya kuendesha pamoja. Kuondoka saa 12 na nusu kama walivyotangaza kungesaidia sana. Picha zingeweza kupigwa Mikindani.

Malori nayo ni jambo la kweli. Barabara hiyo ndiyo wanayopita wanaoteremsha makaa ya mawe kutoka upande wa Songea kuja bandarini, mbali na mabasi na mizigo ya korosho msimu ukifika. Usukani wa gurudumu dogo hugeuka kwa wepesi, na mtu akishtuka akaubana kwa mikono migumu ndipo unapoyumba. Ukisikia lori linakuja nyuma, legeza viwiko, tazama mbali mbele wala usitazame tairi lako, endelea kukanyaga, na usiwe sentimita chache kutoka ukingo wa lami, kwa sababu ukisukumwa huna pa kwenda ila kwenye changarawe.

Sasa niseme lile ambalo kaka yako hakuliona. Ulipokuwa ukiisukuma baiskeli juani goti likiuma, daladala za Mikindani na mjini zilikuwa zikikupita, na katika msafara mzima wewe peke yako ndiye uliyekuwa na chombo kinachoweza kuingia ndani yake. Hiyo ndiyo kazi ya baiskeli ya kukunja. Kule London, Andrew Ritchie alibuni baiskeli ya Brompton katika miaka ya 1970, yenye magurudumu ya inchi 16, madogo kuliko ya kwako, na watu wazima wenye suti na tai huiendesha hadi stesheni, wakaikunja, wakapanda nayo treni, wakaikunjua wanakoshuka. Hakuna anayewauliza kama wameazima kwa watoto wao. Basi kuanzia sasa weka gunia kuukuu la korosho ndani ya kikapu, huko ghalani najua hayakosekani. Ukichoka au upepo ukizidi, ikunje, ivishe gunia ili mnyororo usimpake abiria grisi kwenye kanga, patana na kondakta nauli ya mzigo kabla hujapanda, na ukatae isirushwe juu ya kerieri, bali ilale ndani, upande wa mnyororo ukiwa juu. Kwenda Mikindani kwa kusukumwa na kusi, ukalitazama kwa utulivu lile Boma lililosimama tangu mwaka 1895, ukanywa dafu lako, kisha ukarudi kwa daladala, ni safari halali kabisa ya baiskeli, na mimi naiona nzuri kuliko ile waliyoifanya wenzako.

Kwa mantiki hiyo hiyo, Lindi usiende nao mwanzo hadi mwisho. Ni zaidi ya kilomita 100, nawe bado hujajua mwili wako unahitaji maji na chakula kiasi gani katika saa 3 za kwanza, sembuse 7. Lakini kama moyo unataka kuwa nao siku hiyo, panda basi hadi Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi, ukunjue baiskeli yako, uwasubiri kivulini, kisha mwende pamoja kipande cha mwisho. Njia hapo inaelekea kaskazini na kusi atakuwa mgongoni. Wao watakuwa wamechoka na wewe utakuwa mbichi, na sitashangaa wakikuomba upunguze mwendo.

Hata hivyo, kabla ya lolote ongea na kiongozi wao. Mpigie simu, usiandike kwenye kundi la WhatsApp, kwani ukimsema mbele ya watu atajitetea badala ya kusikiliza. Mweleze kwa heshima yaliyotokea, hasa kwamba hakuna aliyejua kama umefika, kisha mwulize mwendo wa safari ijayo utakuwa kilomita ngapi kwa saa, nani atafunga safu, na mapumziko yatahesabiwa kuanzia lini. Wengi wa watu hawa si wabaya. Wamezoeana kwa muda mrefu kiasi kwamba wamesahau mgeni anavyojisikia. Akikupa majibu yanayoeleweka, rudi, na umwombe akuweke nyuma yake. Akianza kucheka au kusema kwamba utazoea tu, umeshapata jibu, na hapo ghalani hamtakosa wenzako wawili watatu wa kuzunguka nao Shangani siku ya Jumapili. Huo mzaha wa picha ningeuacha upite. Mtani mwenye baiskeli ya milioni kadhaa huwa hana jipya la kusema baada ya wiki mbili.

Kwa kaka yako, mwambie nimemshukuru kwa kukujali, lakini Phoenix ni nzito, nayo mara nyingi huja na gia moja vilevile, na usiku italala kwenye mwembe ule ule ilipoibwa ya jirani. Ukija kupata fedha za baiskeli ya pili, tafuta ya kukunja yenye gia 6 au 7, ambazo huja kwenye mitumba hiyo hiyo ya Japani, na uende na fundi kuzikagua bawaba kabla hujatoa hela.

Goti lipe siku kadhaa bila baiskeli, kisha urudi kwa safari fupi za kazini siti ikiwa imeshapandishwa. Likiendelea kuuma hata baada ya hapo, au ukiona linavimba, nenda hospitali ya Ligula ukaonwe na daktari, na safari ya Lindi waache waende peke yao.